Shanga za Ilemela kwa Mteja wa Mbali

Mtu anayetaka kutunga shanga Mwanza hapati shida ya uzi. Mshipi wa nailoni ambao mvuvi hufungia ndoana ndio huohuo unaoweza kushika bangili, mkufu na shanga za kiunoni. Bei yake ni ndogo, hauozi kwa maji, na kwa kuwa unapitisha mwanga, ndani ya shanga za kioo hauonekani kabisa. Kasoro yake wavuvi wanaijua: jua huuchosha. Mshipi uliokaa miezi juani hukakamaa na kukatika, na bangili iliyotungwa kwa mshipi wa namna hiyo itamwaga shanga sakafuni kwa mteja aliyeko Dodoma au Doha, mahali ambapo mtungaji hawezi kwenda kuziokota.

Hapo ndipo biashara ya mapambo ya shanga kwa njia ya mtandao inapoachana na ile ya kibandani. Anayenunua kibandani Kirumba, jijini Mwanza, huishika bangili, huivuta, huijaribu mkononi, huomba apunguziwe, kisha huondoka nayo. Anayenunua kwa simu hununua picha na neno la mtu asiyemjua. Kazi ya mikono ni ileile, lakini mzigo wa kuaminika umehama wote ukamwangukia mtungaji.

Manispaa ya Ilemela, iliyotengwa na Halmashauri ya Jiji la Mwanza mwaka 2012, ina karibu kila kitu ambacho biashara hii inahitaji. Ina mitaa yenye watu wengi ya Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro na Pasiansi. Ina duka kubwa la Rock City Mall, uwanja wa ndege, na stendi ya mabasi ya Nyamhongolo. Ina fukwe na majabali ya Kayenze na Sangabuye, na ina mtandao wa simu unaomwezesha mama wa Buswelu kupiga picha ya hereni asubuhi na kupokea oda kutoka Mbeya kabla ya saa sita mchana. Kinachopungua ni hesabu: wengi hawajui kazi yao inawagharimu kiasi gani, wala kwa nini mteja aliyesema "nzuri sana, nakuja" hakurudi tena.

Kabla ya kufika kwenye hesabu, inafaa kujua shanga zenyewe zinatoka wapi, kwa sababu jambo hilo linaamua faida inakwenda kwa nani.

Zinatoka mbali, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu. Kweli zamani sana Waafrika walijitengenezea wenyewe: utafiti uliochapishwa na jarida la Nature Desemba 2021 ulionyesha kwamba shanga za ganda la yai la mbuni zilikuwa zikitengenezwa Afrika Mashariki na Kusini miaka 50,000 iliyopita kwa mtindo unaofanana mno. Lakini shanga za kioo zilizojaa kwenye misafara ya karne ya 19 zilifika Zanzibar kwa meli, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice, ambako mafundi wa kioo walikusanywa kwenye kisiwa cha Murano tangu mwaka 1291. Kutoka Bagamoyo wapagazi walizibeba hadi Tabora, na kutoka huko njia moja ilipanda kaskazini kuelekea Usukuma. Mwingereza John Hanning Speke alipoliona Ziwa Victoria karibu na Mwanza ya leo, Agosti 1858, alikuwa amepita njia ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshaijua, na msafara wake ulikuwa ukilipia chakula kwa vitambaa na shanga.

Wafanyabiashara wale walikuwa na elimu ambayo muuzaji wa mtandaoni wa leo angefaidika nayo. Shanga zilihesabiwa kwa khete, yaani nyuzi zilizotungwa, na khete 10 zilifanya fundo moja. Lakini fundo la shanga zisizotakiwa halikununua hata kuku. Henry Morton Stanley, aliyepita nchi hii mwaka 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, aliandika kwamba shanga nyeusi zilikubalika Ugogo na kukataliwa kwingine kote, na kwamba zile kubwa zilizothaminiwa Ujiji hazikuwa na thamani katika nchi nyingine za njiani. Ilibidi apate ushauri wa waliokwisha kusafiri kabla ya kununua hata frasila moja, kipimo cha uzito cha wakati huo. Aliyekosea rangi alibeba mzigo wa bure kwa miezi. Mtungaji wa leo anayeagiza kilo za shanga za rangi anayoipenda yeye, bila kuangalia wateja wake wa mwezi uliopita walichagua nini, anarudia kosa hilohilo, tofauti ni kwamba mzigo wake umekaa kabatini badala ya kichwani mwa mpagazi.

Leo shanga bora ndogo za kioo zinazofika Afrika Mashariki hutoka Jamhuri ya Czech, katika eneo la Jablonec nad Nisou, na jina linalojulikana kwa wanaotunga kazi za Kimasai ni Preciosa. Japani nayo hutoa shanga zilizolingana mno, za kampuni kama Miyuki na Toho, lakini bei yake ni juu. Zilizo nyingi madukani ni za China: za kioo, za plastiki, lulu za kuiga, na vipambo vya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Zinashushwa Kariakoo, zinapanda basi, zinauzwa kwa pakiti Mwanza mjini.

Ukubwa wa shanga ndogo huandikwa kwa namba, na namba hizo huwachanganya wanaoanza, kwa kuwa namba ikiwa kubwa shanga huwa ndogo. Namba 6 ina upana wa karibu milimita 4, namba 8 karibu milimita 3, na namba 11 karibu milimita 2. Kazi ya namba 11 huwa nzuri kuitazama, ila hula saa nyingi. Anayeanza na namba 8 humaliza bangili mapema na macho yake hayaumii.

Tofauti ya shanga nzuri na mbaya huonekana ukizimwaga kwenye sahani nyeupe. Nzuri hulingana unene, tundu zake ziko katikati, na kingo hazina makali. Mbaya hupishana, nyingine hazina tundu kabisa, nyingine zina kingo zinazokata uzi polepole kila mkono unapojikunja. Rangi nayo ina siri yake: iliyomo ndani ya kioo haibanduki, lakini iliyopakwa juu itakwisha kwa jasho na sabuni. Jaribio ni rahisi. Loweka shanga chache usiku kucha kwenye maji ya sabuni, asubuhi uzifute kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi, shanga hizo zisiende kwa mteja wa mbali, hata kama ni za bei ya kutupa.

Ufungaji ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundo moja kwenye nailoni hufunguka, kwa sababu nailoni inateleza. Mafundi hufunga fundo mara mbili au tatu, huweka tone la gundi, kisha hulificha fundo ndani ya shanga kubwa. Kwenye mkufu wenye kulabu hutumia kipande kidogo cha chuma laini kinachobanwa kwa koleo hadi kishike uzi pande zote. Kwa shanga za kiunoni, zinazovaliwa usiku na mchana, uzi wa pamba uliopakwa nta au uzi uliosukwa huvumilia kuliko mshipi, na kwa bangili za kuvutika, uzi wa lastiki lazima uwe mnene wa kutosha na uvutwe kwanza kabla ya kutungwa, la sivyo utalegea baada ya wiki. Hereni zina hatari ya aina yake: nikeli. Ndoano za bei rahisi zenye nikeli huwasha masikio ya watu wengi, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli kwenye mapambo yanayogusa ngozi, pamoja na vikomo vya risasi na kadimiamu. Mtungaji anayeota soko la Ulaya aanzie kwenye ndoano ya chuma kisichoshika kutu, halafu aiandike wazi kwenye maelezo ya bidhaa.

Sasa mtandao wenyewe.

Wengi wanaouliza jinsi ya kuuza kazi za mikono duniani hutajiwa Etsy, soko lililoanzishwa New York mwaka 2005 kwa ajili ya mafundi wadogo. Soko hilo hutoza senti 20 za dola kwa kila bidhaa inayowekwa, na tangu Aprili 2022 huchukua asilimia 6.5 ya kila mauzo. Kizuizi kwa Mtanzania kipo mlangoni: duka jipya linatakiwa kutumia mfumo wa malipo wa Etsy wenyewe, na Tanzania haimo kati ya nchi unazozihudumia. Katika huduma ya malipo ya PayPal nako, kwa miaka mingi, akaunti iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia tu, haipokei mauzo. Kwa hiyo msichana wa Pasiansi mwenye kazi safi kuliko nyingi zinazouzwa huko hana mahali pa kupokelea fedha yake. Hilo ni tatizo la kisera, na halitatuliwi na semina za kumwambia ajitume zaidi.

Wengine hupitia ndugu aliyeko Ulaya au Marekani, ambaye hufungua duka kwa jina lake, hupokea malipo na kuyatuma nyumbani. Njia hii inafanya kazi pale undugu unapoambatana na maandishi: nani analipa kodi ya huko, mapato yanagawanywaje, bidhaa zilizorudishwa ni hasara ya nani. Bila hayo, biashara ya bangili huvunja udugu wa miaka.

Masoko makubwa ya mtandaoni ya ndani nayo hayakushika mizizi. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Biashara ikabaki pale ambapo watu walikuwa wameshakaa: Instagram, Facebook, TikTok na WhatsApp. Mfumo huu umejiunda wenyewe kutoka chini. Picha huwekwa Instagram, mazungumzo huhamia WhatsApp, malipo hupita M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, iliyokuwa Tigo Pesa, na mzigo hupanda basi. Hakuna wizara iliyouchora. Umesimama juu ya pesa za simu, zilizoanza Kenya Machi 2007 kwa jina la M-Pesa na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na juu ya makondakta na mawakala wa mabasi ambao walikuwa wakisafirisha vifurushi vya watu kabla ya simu za kisasa kuwapo.

Hofu ya mnunuzi katika mfumo huu ina msingi. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ujumbe wa tapeli unaomtaka atume ile hela kwenye namba hii. Mtu aliyekwisha kupokea ujumbe kama huo akiona ukurasa wenye picha nzuri, hauna bei, hauna mahali, na namba ya malipo ina jina lisilofanana na la duka, anafunga simu yake na kuondoka. Ndiyo maana Lipa Namba yenye jina la biashara ina faida kuliko namba binafsi ya shemeji. Usajili wa jina la biashara hufanyika kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa njia ya mtandao, na namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa na mamlaka ya mapato, TRA, bila malipo.

Halafu kuna ule mtindo wa "bei njoo DM". Mtindo huu wa kuificha bei hadi mteja aulize faraghani umeenea mno, na unapaswa kukoma. Wauzaji wanaoutetea husema unawazuia washindani kujua bei zao na unawaleta wateja kwenye mazungumzo. Mnunuzi anauelewa vingine: anaona bei itapangwa kwa kuangalia picha yake ya wasifu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao amweleze mteja yeye ni nani, anapatikana wapi, bidhaa ikoje na bei yake kamili ni ipi. Kuandika "Sh 9,000, nauli ya basi juu yako, nipo Nyamanoro" ni sentensi moja, na inaondoa maswali kumi. Majina, namba na anwani za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo mtindo wa kupiga picha ya muamala na kuibandika mtandaoni kama ushahidi wa mauzo, jina na namba ya mtu zikionekana, uachwe.

Picha yenyewe haihitaji kamera ya gharama. Mwanga wa asubuhi kabla ya saa tatu, au kivuli chenye mwanga mwingi, huonyesha rangi kama ilivyo. Taa ya chumbani hugeuza nyeupe kuwa njano, na mteja aliyeagiza nyeupe atakuja juu. Ilemela ina bahati ya mawe. Jabali la kijivu lililo nyuma ya nyumba ni mandhari tulivu inayofanya shanga nyekundu na buluu zionekane, na inamwambia mtazamaji kazi hii inatoka wapi bila maneno. Picha tatu zinatosha: moja ya kazi nzima, moja ya karibu inayoonyesha kifungio, na moja ikiwa imevaliwa mkononi ili ukubwa uonekane. Vichujio vya kung'arisha rangi havifai hapa.

Vipimo ni jambo la kuombwa kabla ya kutunga. Mteja huzungusha uzi mkononi au kiunoni, huweka alama, kisha huupima kwa rula. Bangili huongezwa karibu sentimita 1 hadi 2 juu ya kipimo cha mkono. Kwa shanga za kiunoni kosa la sentimita 5 ni kazi ya kurudiwa.

Bei ndiyo mada ambayo watungaji wengi huikwepa, na ndiyo inayowamaliza. Chukulia bangili moja ya shanga namba 8, kwa mfano tu. Tuseme shanga zilizotumika ni za Sh 1,200, uzi na kulabu Sh 800, mfuko na kadi Sh 500. Hiyo ni Sh 2,500. Ongeza Sh 500 ya bando na nauli ya kufuata vifaa, inakuwa 3,000. Imetungwa kwa saa mbili. Akiiuza Sh 5,000, atasema amepata faida ya Sh 2,500 kwa sababu bando hakulihesabu. Ukweli ni kwamba amebakiwa na Sh 2,000 kwa saa mbili za kazi, yaani Sh 1,000 kwa saa, bila akiba ya kununulia shanga nyingine, bila fidia ya bangili itakayokatika. Akihesabu saa yake kuwa ya Sh 2,000, gharama inafika Sh 7,000, na akiweka Sh 2,000 juu yake kwa ajili ya kuikuza biashara, bei ni Sh 9,000. Kama soko halilipi 9,000, jibu ni kubadilisha muundo utungike kwa saa moja, au kutafuta mteja mwingine. Kushusha bei huku ukijifichia gharama ya mkono wako ni kumpa mteja saa zako bure.

Hapa ndipo asili ya shanga inaporudi kwenye habari. Shanga za Czech au China kila mtu anaweza kuzinunua, na muundo ulionakiliwa kutoka Pinterest kila mtu anaweza kuutunga. Kilichobaki kuwa cha mtungaji ni mkono, rangi alizochagua na neno lake. Waliofika mbali katika eneo hili la Afrika walilielewa jambo hilo mapema, na baadhi yao waliacha hata kutegemea shanga za kununua.

Kazuri ya Nairobi ni mfano mkubwa. Ilianzishwa mwaka 1975 na Susan Wood, katika eneo la Karen, ikiwa na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Badala ya kioo cha kutoka nje, walifinyanga shanga za udongo, wakazichoma tanuruni na kuzipaka rangi kwa mkono. Karakana ilikua hadi kuajiri mamia ya wanawake, na mikufu yake inauzwa katika nchi nyingi. Mnunuzi wa Kazuri analipia kitu ambacho hakipatikani kwenye pakiti ya dukani.

Kampala walitumia karatasi. Katika makazi ya Acholi Quarters, Kireka, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda walikuwa wakikata kalenda na magazeti kuwa vipande virefu vyembamba vya pembe tatu, wakivizungusha kwenye sindano, wakivigandisha kwa gundi na kuvipaka vanishi. Mwaka 2004 Wamarekani watatu walianzisha shirika la BeadforLife na kuanza kuuza mikufu yao Marekani, mara nyingi katika mikusanyiko ya nyumbani ambapo mwenyeji aliwaalika marafiki na kuwasimulia habari za watungaji. Lakini shirika halikumwahidi yeyote kwamba atatunga shanga maisha yake yote. Kila mwanamke alipita kwenye mpango wa takriban miezi 18, akaweka akiba, akafundishwa biashara, kisha akatoka kwenda kufungua duka, kufuga kuku au kupangisha vyumba. Baadaye mafunzo hayo ya biashara ndiyo yaliyogeuka kuwa kazi kuu ya shirika. Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana, na vikundi vya Ilemela vingeusoma kwa makini. Soko la mapambo hupanda na kushuka kwa mitindo. Anayeligeuza kuwa mtaji wa kitu kingine hatikiswi na mtindo unapopita.

Arusha kuna Shanga, karakana iliyoanza mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu, wakiwamo viziwi. Huyeyusha chupa zilizotumika na kuzigeuza shanga, glasi na mapambo mengine. Kioo kilichokuwa taka kinakuwa malighafi, na shanga zinazaliwa hapohapo zinapotungwa.

Usukuma haukosi chake. Kilomita chache mashariki mwa Ilemela, Kisesa wilayani Magu, iko Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, iliyojengwa kwa juhudi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na kufunguliwa miaka ya 1960. Kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, Bujora hujaa kwa sherehe ya Bulabo, ambapo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Wachezaji huvaa shanga kichwani, shingoni na kifuani. Makumbusho yenyewe huhifadhi mavazi, ngoma na vifaa vya waganga na watemi. Kijana anayetunga shanga Ilemela akitembea huko na daftari atatoka na mpangilio wa rangi ambao hauonekani kwenye kurasa elfu za bangili zinazofanana. Aulize kabla ya kunakili, kwa kuwa shanga nyingine zina maana ya ibada na ya mizimu, na si kila kilichovaliwa na mganga kinafaa kuuzwa kama hereni. Heshima hiyo anaidai hata jirani: Wamasai wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakidai malipo kutoka kampuni za nje zinazotumia jina na mitindo yao, na kuandika "Maasai" kwenye bangili iliyotungwa Kitangiri na mtu asiye Mmasai ni kumdanganya mnunuzi.

Mapambo yenye meno, kucha, pembe au mifupa ya wanyamapori yasiguswe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inavihesabu vitu hivyo kuwa nyara, na kuvimiliki bila kibali ni kosa lenye adhabu kali. Mtandaoni, picha ya tangazo yenyewe inaweza kuwa ushahidi.

Kusafirisha ndani ya nchi ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kifurushi kinapelekwa ofisi ya basi, Nyamhongolo kwa mfano, kinaandikiwa risiti, na muuzaji humtumia mteja picha ya risiti hiyo pamoja na namba ya ofisi atakakochukulia. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa mizigo ya Sengerema na Geita. Bukoba kuna meli na mabasi. Bangili ziwekwe kwenye kiboksi kigumu, kwa sababu mfuko laini chini ya gunia la dagaa hautoi kitu kizima.

Nje ya nchi, mapambo yana faida ya wepesi. Kifurushi kidogo cha posta kinaruhusiwa hadi kilo 2, uzito unaotosha bangili nyingi sana, na Shirika la Posta lina huduma ya EMS kwa wanaotaka haraka. Kifurushi kilichosajiliwa hupewa namba yenye jumla ya herufi na tarakimu 13, inayoishia na TZ, ambayo mteja anaweza kuifuatilia hadi nchini kwake. Fomu ya forodha ijazwe kwa ukweli: ni nini, kimetengenezwa kwa nini, kina thamani gani. Kuandika "zawadi" kwenye bidhaa iliyouzwa ni udanganyifu unaomwangukia mnunuzi. Mambo yamebadilika pia upande wa pili. Tangu Julai 2021, nchi za Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa zote zinazoingia, hata za euro chache, na tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilifuta msamaha wa ushuru uliokuwa ukivihusu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Mteja wa Ulaya au Marekani aambiwe mapema kwamba huenda akadaiwa ushuru kabla ya kukabidhiwa mzigo.

Kutokana na vikwazo hivi, soko la kwanza la mtungaji wa Ilemela linapaswa kuwa Tanzania yenyewe na nchi zinazolizunguka ziwa. Harusi, sendoff na kitchen party peke yake zinameza mapambo kila wikendi, na sare za shanga za kamati nzima ni oda moja yenye vipande 20 au 30, inayolipiwa nusu kabla. Oda ya aina hiyo humpa mtungaji uhakika ambao picha moja yenye kupendwa mara elfu haiwezi kumpa.

Mtaji upo pia, kwa wanaojipanga. Kisheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mlango wa kuanzia ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi Mwanza na hutoa mafunzo ya ujasiriamali na ufungashaji. Kikundi cha watunga shanga kinachokwenda kuomba mkopo kiende na sampuli za kazi na daftari la mauzo: tarehe, bidhaa, gharama ya vifaa, saa zilizotumika, bei na mteja alikotoka. Ambaye hajalifungua daftari hilo alifungue wiki hii, na bei ya bangili ya kwanza itakayoandikwa humo aiweke wazi kwenye ukurasa wake.